Ukoo wa Hablar na Ubishi wa Mzee Barasa

Nyinyi vijana mnaokuja mlangoni pangu hapa Kaloleni mkiniita Shosh Ola, yaani bibi wa salamu za Kihispania, ketini kwanza. Simu zenu zilazeni kifudifudi. Mnataka niwafundishe Kihispania cha kuongoza watalii, na mnataka kiwe tayari kabla ya msimu kuanza, kana kwamba ni chapati za kuagiza pale kibandani nje ya geti. Mimi nimekila Kihispania na kukinywa mpaka goti likagoma kupanda gari la watalii, na bado kuna siku kinanichenga. Kwa hiyo tulieni. Leo nitawapa kitenzi kimoja tu, na nitawapitisha njia ndefu, kwa sababu mwenye viti ni mimi.

Kitenzi chenyewe ni hablar. Maana yake ni kuzungumza. Ile H haitamkwi, mnasema ablar. Anayetaka kuandika aandike, asiyetaka asinililie baadaye.

Nilianza kazi kwenye kampuni ya utalii mjini nikiwa mpika chai. Sikuwa katibu wala msaidizi wa katibu. Nilikuwa wa chai, na siku za mvua nilikuwa pia wa kufuta matope. Wageni wa Kihispania wakaanza kuja kwa wingi, na mwongoza watalii pekee aliyejua lugha yao akahamia Mombasa kwa sababu za mapenzi. Mkubwa wetu, bwana mmoja mwenye tai fupi na sauti ndefu, akaingia jikoni kuulizia chai yake na papo hapo akatangaza kwamba yeyote atakayeweza kuzungumza na hao watu msimu ujao, kazi ni yake. Nadhani alikuwa anatania. Madereva walicheka sana. Mimi nilisimama pale na kijiko mkononi hadi maziwa yakafurika.

Hapa mtaani kulikuwa na mtu mmoja tu aliyewahi kunusa lugha za kale za Ulaya, naye ni Mzee Barasa, yule mkali wa nyumba ya pembeni, karibu na ukumbi. Alizaliwa hapa hapa Kaloleni, baba yake akiwa mfanyakazi wa reli aliyetoka Bungoma. Wakampeleka seminari awe padri, wakamfukuza. Kila nyumba ilikuwa na sababu yake ya kufukuzwa kwake. Ya kwake mwenyewe ni kwamba alimsahihisha padri Kilatini katikati ya misa, na kwamba padri alikuwa amekosea kweli. Akaishia kuwa karani wa stoo ya vipuri, akiwasahihisha mafundi.

Nilimkuta ameketi nje, ananyoa ndevu kwa kioo kilichovunjika.

"Shikamoo Mwalimu. Unajua Kihispania?"

"Marahaba. Sikijui."

"Basi mimi nimekwisha."

"Nafula, usikimbilie kufa. Kilatini nakijua. Kihispania ni mtoto wa Kilatini. Ikiwa mama mtu namjua, mtoto atanishinda?"

Tukanunua kitabu cha Kihispania kwa wale wanaotandaza vitabu vikuukuu chini kando ya barabara mjini. Hakikuwa na jalada, na mwenyewe wa kwanza alikuwa amechora masharubu kwenye kila picha. Tukawa tunakisoma jioni nikitoka kazini, yeye kwenye kiti, mimi kwenye ndoo iliyofunikwa.

Njia yake ya kufundisha ndiyo ninayowafundishia hadi leo, na msiponielewa mlaumuni yeye. Alinikataza kuuliza maana ya neno. Alisema huo ni utovu wa adabu, kukutana na mtu barabarani kwa mara ya kwanza na kumuuliza ana faida gani. "Uliza kwao ni wapi," alisema. "Uliza ni mtoto wa nani, ndugu zake wameolewa wapi. Likishakuzoea, maana litakwambia lenyewe." Nyinyi ambao wazazi wenu ni wa kwetu magharibi, upande wa Bungoma, mnaijua hiyo. Mgeni akifika kwetu, hata kikombe hajashika, tayari babu yake ameshatajwa na kuna mtu amegundua kwamba wao ni shemeji.

Basi tukawa tunahoji maneno kama wakwe. Harina, ambayo ni unga, kule Roma iliitwa farina. Hacer, kufanya, alikuwa facere, na ndugu yake aliyehamia Uingereza ni factory. Kwa hiyo ninyi ambao baba zenu wanadamka kwenda viwandani, wanakwenda kwa wajukuu wa facere bila kujua. Mmeona lakini? F ya Roma ikifika Hispania mara nyingi inavuliwa viatu mlangoni na kubaki H, na hiyo H baadaye ikaacha hata kupumua. Barasa aliipenda kanuni hiyo kuliko alivyowapenda majirani.

Lakini hablar kilimtesa. Kitabu kizima kilianzia hapo, ndicho kitenzi cha kwanza kabisa, na Mzee akakitazama jinsi anavyomtazama mpangaji mpya.

"Huyu simjui," akasema.

Kwa Kilatini cha seminari, kusema ni loqui. Huyo loqui ana jamaa waliosoma huko Uingereza. Mmoja ni eloquent, yule mwenye ulimi wa kupendeza watu. Mwingine ni loquacious, yule asiyejua kunyamaza, na ndugu wa hivyo kila ukoo unaye. Sasa Wahispania walimpeleka wapi loqui? Huyu hablar aliingia vipi nyumbani kwa watu? Mzee akanuna. Nikifika ananijibu salamu kama mtu aliyefiwa. Mimi nilikuwa naona msimu unakuja na chai inaniita.

Jibu lilitoka kwa vijana. Mnapaswa kujua kwamba Barasa alikuwa adui wa Sheng, hiyo lugha yenu ya mitaani. Akisikia neno bonga, yaani kuongea, alikuwa anasimama na kidole hewani, anahutubia ukuta mpaka kina mama wafunge madirisha. Vijana wa wakati ule, ambao leo ni baba zenu wenye vitambi, walikuwa wanapita makusudi.

"Niaje, buda Barasa! Leo hubongi? Kuja tupige stori!"

Akasimama. Kidole kikapanda. Halafu akalirudia lile neno stori kwa midomo tu. Kidole kikabaki pale pale juu, na mimi nikafikiri moyo umesimama.

"Nafula," akanong'ona, "kivalishe viatu vyake. Rudisha F."

Tukairudisha. Hablar kikawa fablar, na ndivyo Wahispania wa zamani walivyokiandika kweli. Kutoka hapo hadi Roma ni mwendo mfupi: fabulari. Na fabulari haikuwa kusema kwa heshima. Ilitoka kwa fabula, hadithi, porojo. Ilikuwa kupiga soga. Waungwana wakiwa wanasema loqui kwenye mabaraza yao, wapagazi, askari na mama wauza samaki walikuwa wanapiga stori sokoni. Na waliojaa Hispania wakazaa lugha ni hao wa sokoni.

Mzee aliketi polepole. "Kumbe Kihispania ni Sheng ya Warumi," akasema, kwa uchungu wa mtu aliyekuta mwizi wa kuku ni mwanawe. "Kuna mzee alisimama huko na kidole chake akiwaambia wanaharibu lugha."

"Na vijana wakashinda?"

"Walishinda bara zima."

Tangu siku hiyo akiambiwa niaje alikuwa anatikisa kichwa kidogo, mara moja, kama anayepokea barua ya deni.

Jamaa wa fabulari walioko Uingereza mnawajua. Fable, hadithi. Fabulous, kitu kizuri mpaka ukafikiri umehadithiwa. Affable, mtu anayezungumzishika, yaani kinyume cha Barasa. Wafaransa na Waitaliano wao walimwacha fabulari wakachukua parabola, hadithi za mafumbo za kanisani, na huko ndiko kulikozaliwa parliament. Msinitazame hivyo. Kama mmewahi kusikiliza Bunge mnajua kwamba lile neno halikupotea njia.

Ukipanda juu zaidi kwenye ukoo huo unamkuta babu yao, fari, kunena. Huyo ndiye aliyemzaa fame, anayenenwa kila mahali, na fate, kilichonenwa kikapita. Na kuna mjukuu mmoja Barasa alimpenda kuliko wote, infant. In ni kukana, na kilichobaki ni kunena. Mtoto mchanga, kwa Mrumi, ni asiyesema.

"Ndiyo maana nawapenda wachanga," Mzee aliniambia. "Mambo yanaharibikia pale wanapoanza."

Kazi nilipata. Safari yangu ya kwanza niliipika ikaungua. Nilipewa basi dogo la wazee Wahispania, na kwa kuwa nilijifunza lugha kwa kuhoji koo, nilidhani wenye lugha nao huhojiwa hivyo hivyo. Tulipofika getini mbugani nikawaomba wajitambulishe vizuri, mmoja mmoja, jina, mtoto wa nani, mama yake wa kijiji gani, nani yuko hai na nani ametangulia. Dereva alikuwa ananikonyeza. Kuna simba aliyekuwa amelala karibu na njia. Wazee walipofika kwa bibi wa nne, ambaye alikuwa anaeleza mama yake alivyofuga mbuzi, simba akaamka, akapiga miayo, akaondoka. Hatukumwona simba mwingine siku nzima.

Mkubwa wangu alitaka nimwage unga siku hiyo hiyo. Kilichoniokoa ni wale wazee. Walipokuwa wanaondoka walimwambia kwamba simba wamewaona hata kwenye televisheni, lakini hawajawahi kuulizwa na mtu habari za mama zao. Bibi wa mbuzi alinikumbatia hadi kofia yangu ikaanguka. Nikajifunza kuhoji watu garini, njiani, na kumwachia simba nafasi yake. Mnaweza kuandika hiyo pia.

Siku hizi wageni wanakuja na simu zinazotafsiri. Mgeni anaongea na simu, simu inaongea nawe, unajibu simu. Sina ugomvi nazo. Ila nimeona mwongoza watalii kijana akimwonyesha mgeni simu inayosema habari ya asubuhi, na yeye mwenyewe kafunga mdomo kama aliyeng'olewa jino. Mtu kama huyo hata simba anamhurumia.

Sasa nifike kwenye sababu ya kuwaeleza haya yote.

Mnajua Mzee Barasa alipatwa na kiharusi kabla ya hizi mvua. Mkono wa kulia ukalegea, na maneno yakakwama. Binti yake Nekesa, anayefanya kazi kiwandani, akamchukua kwake Kware, kwenye lile jengo refu lisilo na lifti. Vijana wa jengo walimbeba na kiti chake hadi ghorofa ya juu kabisa, naye akiwatazama kwa macho makali kila walipogonga ukuta.

Daktari alisema anaelewa kila kitu, ila maneno hayapati njia ya kutokea. Kuandika hawezi. Ukimuuliza ndiyo au hapana anatikisa kichwa kwa yote mawili, kisha anakasirika. Na watu wakaja, kama mnavyotujua. Waliingia wakimpigia kelele kana kwamba ni masikio yaliyopooza. "Mzee! SEMA! Sema hujambo!" Mchungaji mmoja alimshika bega akamwambia, "Sema Amina, mzee wangu, sema Amina tu!" akaendelea hivyo mpaka chai yake ikapoa. Barasa alitazama ukuta. Kwenye shingo Nekesa alikuwa amemfunga kitambaa cha uji.

Nilimtazama na kile kitambaa na neno lililonijia ni lile lile alilolipenda. Asiyesema. Nilitoka nikaketi kwenye ngazi za Kware, watu wakinipita na mitungi ya maji, nikalia kama mtu asiye na adabu. Yule ndiye aliyenipa mdomo. Kila shilingi niliyowahi kula ilitoka kwenye ubishi wake.

Nekesa akanifuata nje.

"Anti, kina baba wadogo wamepiga simu kutoka Bungoma. Wamekubaliana apelekwe nyumbani. Gari linakuja Jumamosi."

"Yeye anataka?"

"Sijui! Nimemuuliza hadi nimechoka, ananipa machozi tu. Nikimpeleka na hataki, nitakuwa nimemzika akiwa hai. Nikimzuia na anataka, nitakuwa nimemnyima kwao. Wewe mnaelewana naye. Muulize wewe."

Nikarudi ndani nikamuuliza, na nilikosea kama wengine. "Mwalimu," nikasema, "sema neno moja tu." Akafumba macho. Hata wewe umeungana na mchungaji, ndivyo yale macho yalivyoniambia kabla hayajafumbwa.

Nikamfikiria loqui. Tulikuwa tunamtaka loqui sote, kusema rasmi, kusema kwa amri. Na loqui alikufa njiani hata Hispania hakufika. Nikaamua kuacha kumwambia aseme. Nikavuta kiti nikaanza kupiga soga. Nikamweleza habari za maji ya Kaloleni, za paka aliyezalia ndani ya ngoma ya kwaya kule ukumbini, za jirani yake aliyepaka mlango rangi ya waridi. Mzee akafungua macho. Nilipofika kwenye mlango wa waridi akatoa pumzi puani, ile aliyokuwa akimpumulia mtu asiyesoma. Hapo ndipo shetani mzuri akanishika.

"Halafu Mwalimu, jana nimewafundisha vijana hablar," nikasema. "Nimewaambia ni neno letu."

Akanigeuzia uso.

"Ndiyo. Kwetu kusema si ni khuboola? Baboola bali, wanasema kwamba. Sasa sikiliza: khuboola, hablar. Warumi walilisikia Bungoma wakaliiba. Ile F tuliizua tu mimi nawe."

"Anti, ni kweli?" Nekesa akauliza kutoka jikoni.

"Kweli kabisa. Tena loqui ni Kikamba. Kuna mchonga vinyago wa Ziwani amenihakikishia."

Shingo ya Mzee ikavimba. Mkono wa kushoto ukapanda, kidole kikafuata, kile kidole, nikakitambua kama unavyotambua sauti ya nduguyo kwenye umati. Mdomo ukahangaika. Kidole kikashuka kwa kishindo kwenye meza na uji ukaruka.

"U," akasema. "U... uongo!"

Sufuria ikamponyoka Nekesa.

"Ni khuboola," nikasema mimi.

"Fa. Fa... fabu..."

"Khuboola, Mwalimu."

"Fabulari!" akanguruma. "Uongo! Fabulari!"

Nilicheka na kulia kwa pamoja, na kamasi juu. Nekesa alikuwa amepiga magoti anamshika miguu, na baba yake anamtazama kwa hasira kama vile ndiye aliyesema loqui ni Kikamba. Nikaona nisipouliza sasa hivi, hasira itapoa na mlango utajifunga. Nikamuuliza jinsi alivyonifundisha kuuliza.

"Mwalimu. Kwenu ni wapi?"

Kwetu sisi swali hilo lina jibu moja, tunafundishwa kabla ya kujua kufunga vifungo: ni mahali kaburi la babu lilipo. Mzee alifungua mdomo ukakataa. Akajaribu tena. Mate yakamtoka, na hakuna aliyethubutu kumfuta.

"Kaloleni," akasema.

"Lakini Baba," Nekesa akasema taratibu, "Kaloleni ni nyumba ya kupanga tu."

"Kaloleni," akarudia, kwa ile sauti ya stoo, ya kumsahihisha fundi.

Baba wadogo walipigiwa simu wakafoka. Walisema mzee hajui anachosema. Nekesa akaweka simu mbele ya mdomo wa baba yake, naye akawaambia Kaloleni, kisha akawaongezea lile neno uongo, nadhani kwa sababu lilikuwa linatoka vizuri. Gari la Jumamosi lilikuja kweli, likapakia kitanda chake na vitu vya Nekesa, na safari yake ilikuwa fupi kuliko dereva alivyotarajia.

Basi yuko pale pembeni karibu na ukumbi, kwenye kiti kile kile, na Nekesa yuko naye. Maneno anayo machache na hayatoki kwa kuombwa. Mkitoka hapa mpitieni mumsalimu, maana huyo ndiye mwalimu wenu, mimi nimekaimu tu. Msimwinamie kama mnachungulia kisima. Msimpigie kelele, na asiwepo wa kumwambia sema, buda. Vuteni ndoo mketi, mpige stori zenu. Zikikolea, mwambieni hablar ni neno la Kware. Kisha mngojeni.